Kiingereza cha Kusikia: Masomo ya Sauti na Misemo ya Kila Siku

Kiingereza kinachozungumzwa madukani, ofisini na majumbani huko London au Chicago kinatofautiana na kile kinachofundishwa kwa kitabu cha sarufi. Mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma habari ya gazeti kwa Kiingereza akaielewa vizuri, kisha akaachwa njiani na watu wawili wanaozungumzia foleni ya barabarani. Maneno mengi wanayotumia anayajua. Yanayompiga chenga ni mambo mawili: jinsi maneno hayo yanavyofungamana, na jinsi yanavyobadilika yakipita mdomoni kwa kasi. Masomo ya sauti ya misemo ya kila siku yametungwa kwa ajili ya mambo hayo mawili. Somo moja huwa la dakika chache. Huchukua msemo mmoja au michache, humsikilizisha mwanafunzi msemo huo vinywani mwa watu wanaoongea, kisha humtaka autumie mwenyewe.

Hitaji la masomo haya linaeleweka vizuri Afrika Mashariki. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania Kiingereza ni somo, na kuanzia sekondari ndicho lugha ya kufundishia. Mwanafunzi hukutana nacho ubaoni, daftarini na kwenye karatasi ya mtihani zaidi kuliko masikioni, na mara nyingi mwalimu wake naye alijifunza kwa njia hiyo hiyo. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, na watu wengi wazima wakajikuta wanaanza upya. Burundi na Kongo, Kiingereza huja nyuma ya Kifaransa. Anayetafuta kazi ya hoteli Zanzibar, ya kuongoza watalii Arusha au ya mapokezi Dubai hataulizwa kanuni za sarufi. Mgeni ataongea, naye atatakiwa kuelewa na kujibu papo hapo.

Maneno yanayotembea kwa makundi

Mzungumzaji wa lugha yoyote hajengi kila sentensi upya, neno kwa neno. Mwaka 1983 wanaisimu Andrew Pawley na Frances Syder walieleza kwamba ufasaha wa mzawa wa lugha unatokana kwa sehemu kubwa na akiba ya vifungu vilivyokwisha kuungana kichwani mwake. Anapoongea huvitoa vizima vizima, na muda anaouokoa huutumia kufikiria jambo linalofuata. John Sinclair, aliyeongoza mradi wa kamusi wa COBUILD katika Chuo Kikuu cha Birmingham, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mradi wake ulikusanya maandishi na mazungumzo halisi kwa mamilioni ya maneno, ukayachambua kwa kompyuta, na ikaonekana wazi kwamba maneno ya Kiingereza yana wenzao wa kudumu. Kamusi ya kwanza ya mradi huo ilitoka mwaka 1987.

Msemaji wa Kiswahili anaijua hali hii bila kufundishwa. Mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni kumchapa mtu atashangaa akisikia kwamba fulani kapiga pasi, kapiga mswaki, kapiga hodi, kapiga simu, kisha kapiga magoti. Maana imo katika kifungu kizima, na kitenzi peke yake hakimsaidii sana. Kiingereza kina vitenzi vya namna hiyo kwa wingi, ila vyenyewe huandamana na vineno vidogo. “Look” ni kutazama, lakini “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza, “look down on” ni kudharau na “look forward to” ni kungojea kwa hamu. Kitabu cha shule humpa mwanafunzi “tolerate” kwa maana ya kuvumilia. Jirani wa Kiingereza, akilalamikia kelele za usiku, atasema hawezi ku-“put up with” kelele hizo.

Misemo inayofundishwa katika masomo ya sauti inaweza kugawanywa katika makundi manne. La kwanza ni hilo la vitenzi vyenye viandamizi. La pili ni nahau, ambazo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maneno: mtu aliye “under the weather” anajisikia vibaya, na kazi iliyo “a piece of cake” ni rahisi mno. La tatu ni vifungu vya adabu na shughuli, vile ambavyo mtu hutumia kuomba, kukataa, kushukuru au kuchelewesha jibu, kama “I was wondering if” au “not really”. La nne ni vijazio, kama “well”, “you know” na “I mean”, ambavyo havina habari nyingi ndani yake ila humpa msemaji nafasi ya kupumua na humwonyesha msikilizaji kwamba zamu yake ya kuongea haijafika.

Wanafunzi wengi hukimbilia nahau kwa sababu zinapendeza. Kwa matumizi, makundi mengine matatu ndiyo yanayosikika muda wote. Nahau “it's raining cats and dogs” imeenea dunia nzima kupitia vitabu vya kufundishia, lakini mvua ikinyesha kwa nguvu Uingereza, mtu aliye dirishani atasema “it's pouring”. Somo zuri la sauti humwambia mwanafunzi msemo upi unasikika kweli na upi umebaki vitabuni.

Sauti zinazomezwa

Kiswahili kina irabu 5, na kila moja hutamkwa kwa ukamilifu wake popote ilipo. Mkazo nao una makazi yake: silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Matamshi sanifu ya Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu zipatazo 20, zikiwamo zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Kwa sikio lililokuzwa na Kiswahili, “cat”, “cut” na “cart” huangukia zote kwenye “a” ile ile, na “ship” haitofautiani na “sheep”. Ulimi nao hupenda kufunga neno kwa irabu. Ndiyo maana maneno yaliyokopwa yakawa shati, koti, benki na blanketi.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye mkazo wa sentensi. Kiingereza huyapa nguvu maneno yaliyobeba habari na kuyafinya mengine. Vineno kama “to”, “of”, “for”, “can” na “have” hupoteza irabu yao na kubakiwa na sauti hafifu itokayo katikati ya mdomo, sauti ambayo haimo katika irabu za Kiswahili. Isitoshe, neno linaloishia na konsonanti huungana na linalofuata likianza na irabu. “Pick it up” humfikia msikilizaji kama “pikitap”. “Give me” huwa “gimi”, “let me” huwa “lemi”, na “going to” katika maongezi ya kawaida huwa “gona”. “What do you want to do?” huweza kutoka kama “wodyawonadu”. Mwanafunzi anayengoja kusikia maneno sita yaliyotenganishwa husikia ngurumo moja tu.

Tofauti ya “can” na “can't” katika Kiingereza cha Marekani inaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kumgharimu mtu. Katika “I can go”, neno “can” hufinywa hadi likabaki “kn”, na nguvu yote huenda kwenye “go”. Katika “I can't go”, irabu ya “can't” hutamkwa kamili na kwa mkazo, ilhali “t” ya mwisho mara nyingi haisikiki. Anayeisaka “t” ili ajue kama mwenzake amekubali au amekataa atakosea. Kinachotoa jibu ni irabu na mkazo. Kanuni hii inaweza kuandikwa katika mistari mitatu ya kitabu, lakini haishiki mpaka isikike mara nyingi.

Kutoka santuri hadi simu

Wazo la kufundisha lugha kwa sauti iliyorekodiwa lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1901 Jacques Roston, mwalimu wa lugha aliyekuwa akiishi London, alianzisha kampuni ya Linguaphone, iliyouza masomo kwenye mitungi ya nta na baadaye kwenye santuri. Kampuni hiyo ilitumia sauti za watu wenye hadhi. Mwaka 1927 mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliirekodia mazungumzo kuhusu Kiingereza kizuri na kibovu. Aliwatahadharisha wasikilizaji kwamba gramafoni ikizungushwa kwa kasi isiyofaa, sauti watakayosikia haitakuwa yake. Karibu na mwaka 1930, J. R. R. Tolkien, wakati huo profesa wa Oxford, alishiriki pia kurekodi mazungumzo ya kozi ya Kiingereza ya kampuni hiyo hiyo.

Santuri zilikuwa ghali, na redio ikaja kuwafikia wengi. BBC ilianza masomo yake ya Kiingereza kwa njia ya redio mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 19 Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilizindua matangazo ya Kiingereza chepesi yaliyoitwa Special English. Kanuni zake zilikuwa chache na kali: maneno ya msingi yapatayo 1,500, sentensi fupi zenye wazo moja, na usomaji wa takriban theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Watu wengi wa nchi ambazo Kiingereza si lugha ya nyumbani waliizoesha mikono yao kutafuta masafa ya matangazo hayo jioni. Kituo hicho kilikuwa pia na kipindi cha muda mrefu, Words and Their Stories, kilichoeleza misemo ya Kimarekani mmoja mmoja pamoja na asili yake.

Redio ilikuwa na kasoro moja kwa mwanafunzi: neno likipita limepita. Kaseti iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963 ilileta kitufe cha kurudisha nyuma, na msikilizaji wa kawaida aliweza kuisikia sentensi ile ile mara kumi bila kuongeza gharama. Miaka hiyo hiyo shule na vyuo vingi vya Marekani na Ulaya vilijenga maabara za lugha, ambako wanafunzi walikaa kwenye vibanda wakirudia sentensi walizozisikia. Mazoezi hayo yalilainisha ulimi, lakini mengi yalikuwa ya kukariri sentensi zisizo na muktadha, na aliyezikariri mara nyingi alikwama mazungumzo yalipoacha mstari wa kitabu.

Podikasti zilipoenea kuanzia mwaka 2004 na 2005, faida za redio na za kaseti zilikutana. Kipindi hupatikana bure, huhifadhiwa kwenye simu, husikilizwa wakati wowote, na mara nyingi huambatana na maandishi yake. BBC Learning English hutoa 6 Minute English, kipindi kinachoanza kwa swali lenye majibu matatu ya kuchagua, kikaendelea na mazungumzo ya mada moja yenye sauti za watu halisi kutoka vipindi vingine, na kumalizia kwa kurudia msamiati uliojitokeza. Kina mwenzake, The English We Speak, ambacho kwa dakika chache hushughulikia msemo mmoja tu wa mtaani, kwa kawaida kwa igizo dogo la watangazaji wawili.

Ndani ya somo moja

Somo la kitenzi “run out of” linaonyesha jinsi kazi hii inavyofanyika. Hufunguliwa kwa tukio: watu wawili wako jikoni ofisini, mmoja anafungua friji na kusema, “Oh no, we've run out of milk.” Mwenzake anajibu kwamba atanunua mengine akitoka. Mwanafunzi amekwisha kuona friji isiyo na maziwa kabla hajaambiwa maana, na maana ikija huwa na mahali pa kukaa.

Hufuata mifano mingine mitatu au minne, kila mmoja ukiwa umebadilika kidogo. Simu imeishiwa salio: “I've run out of credit.” Muda unakwisha: “We're running out of time.” Mzazi amefika mwisho wa uvumilivu: “She's run out of patience.” Kwa mifano hiyo mwanafunzi hung'amua mambo mawili ambayo tafsiri ya neno moja isingempa. Kwanza, msemo unafaa kwa vitu na pia kwa mambo yasiyoshikika. Pili, mtu ndiye anayetangulia katika sentensi. Kiswahili husema maziwa yameisha, na kwa sababu hiyo watu wengi wa Afrika Mashariki husema kwa Kiingereza “the milk is finished”. Sentensi hiyo inaeleweka, lakini si ile ambayo Mwingereza angeitoa mbele ya friji.

Baada ya maana huja sauti. Mtangazaji husema msemo polepole, kisha kwa kasi ya kawaida, na mwanafunzi husikia “run out of” ikigeuka “ranauta” kwa pumzi moja, huku “v” ya “we've” ikikaribia kupotea. Mwisho, katika masomo yaliyotungwa vizuri, huja zamu ya mwanafunzi. Sauti humwambia: mjulishe mwenzako kwamba sukari imeisha. Kimya cha sekunde chache huachwa. Kisha jibu husikika, “We've run out of sugar”, na mwanafunzi hulinganisha na alilosema.

Kimya hicho kifupi ndicho sehemu yenye kazi kubwa kuliko zote. Anayesikiliza tu huutambua msemo akiusikia tena. Anayelazimika kuutoa mwenyewe kabla ya kusikia jibu hujenga njia ya kuupata siku atakapouhitaji. Somo lisilo na nafasi hiyo linaweza kusaidiwa na msikilizaji mwenyewe, kwa kusimamisha simu kabla mtangazaji hajajibu.

Kurudia kwa wakati wake

Mtu husahau haraka anachojifunza mara moja. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana huhifadhi zaidi kuliko kurudia kwa mkupuo. Mmarekani Paul Pimsleur, aliyekuwa akitunga kozi za sauti tangu miaka ya 1960, aliligeuza jambo hilo kuwa ratiba. Katika makala ya mwaka 1967 alipendekeza neno jipya liulizwe tena baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4 na hatimaye miaka 2. Kozi zinazobeba jina lake hadi leo huulizia msemo wa somo la jana katikati ya somo la leo, bila kumwonya msikilizaji.

Si lazima kufuata ratiba hiyo kwa saa ya ukutani. Kinachofaa kuchukuliwa ni mwelekeo wake: mapengo huanza madogo na kupanuka. Msemo uliosikika asubuhi urudiwe mchana, kesho yake, wiki ijayo na mwezi ujao. Anayesikiliza vipindi vipya kila siku bila kurudi nyuma hupata hisia ya kusonga mbele huku akiba yake ikibaki pale pale.

Namna ya kusikiliza

Kipindi kimoja cha dakika tano au sita kinatosha kazi ya nusu saa, kikisikilizwa kwa hatua. Mara ya kwanza kisikilizwe bila maandishi, kwa lengo la kupata kiini tu: nani anaongea na nani, na kuhusu nini. Akili ikikwama kwenye neno moja, sentensi tatu zinazofuata hupotea. Mara ya pili msikilizaji aandike vifungu alivyovidaka, hata kama hana uhakika na tahajia yake. Mara ya tatu afungue maandishi na kusoma huku akisikiliza. Hapo ndipo hugundua kwamba maneno mengi aliyodhani hayajui yalikuwa ya kawaida kabisa, ila yalifinywa. Sehemu hizo zinastahili kurudiwa moja moja mpaka sikio lizikubali.

Hatua ya nne ni kufuatisha: kuongea pamoja na mtangazaji, nyuma yake kwa nusu sekunde, akiiga mpando na mshuko wa sauti yake, mahali anapokaza na mahali anapolegeza. Zoezi hili huchosha, na dakika mbili zinatosha. Hatua ya tano ni kujirekodi kwa simu na kulinganisha. Wengi husita kusikiliza sauti zao, lakini ni hapo ambapo irabu iliyoongezwa mwishoni mwa neno husikika waziwazi.

Ya mwisho ni kuuhamishia msemo kwenye maisha ya msikilizaji. Mwendesha bodaboda aliyejifunza “run out of” atunge sentensi kuhusu mafuta, mwenye genge kuhusu nyanya, mwanafunzi kuhusu karatasi. Sentensi tatu za kweli, zikisemwa kwa sauti, hufunga msemo kuliko kurasa mbili za kunakili.

Uchaguzi wa kipindi nao una uzito. Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, alishikilia katika miaka ya 1980 kwamba lugha huingia kupitia maelezo yanayoeleweka ila yanamzidi mwanafunzi kidogo. Kama kila sentensi inaeleweka bila juhudi, kipindi ni chepesi mno. Kama hata mada haijulikani baada ya kusikiliza mara mbili, ni kizito. Kupunguza kasi ya simu kunasaidia kwa muda, lakini sauti zilizomezwa zinapaswa hatimaye kusikilizwa kwa kasi yake halisi, kwa kuwa huko ndiko mtu atakakokutana nazo. Kwa anayehesabu bando, vipindi vya sauti hula data kidogo kuliko video, na vinaweza kupakuliwa penye intaneti ya bure na kusikilizwa baadaye kwenye daladala au matatu.

Msemo na mahali pake

Kujua maana ya msemo hakutoshi bila kujua anayeambiwa ni nani. Kiswahili huonyesha heshima kwa salamu na majina ya udugu: shikamoo, mama, mzee, dada, kaka. Kiingereza hakina shikamoo, na heshima yake hujificha kwenye urefu na ulaini wa ombi. “Give me water” haina tusi lolote katika sarufi, lakini hotelini husikika kama amri. “Could I have some water, please?” ndilo ombi. Kwa bosi au mgeni, “I was wondering if you could help me” huzunguka mbali zaidi, na mzunguko huo ndio adabu yenyewe.

Baadhi ya vifungu huonekana kuuliza au kueleza jambo ambalo havilengi. Mwingereza anayesema “You all right?” mlangoni anasalimia, haulizi habari za afya, na jibu linalotarajiwa ni fupi. “I'm afraid we're closed” haina hofu ndani yake, bali ni namna ya kutoa habari mbaya kwa upole. “Not bad” mara nyingi ni sifa nzuri. Vifungu hivi hutegemea kiimbo, na maandishi peke yake hayawezi kuonyesha kama msemaji anatania au amekasirika.

Upo pia mtego wa kusafirisha misemo ya Kiswahili moja kwa moja. Mtu anayeinuka mezani na kusema “I'm coming” humwacha Mwingereza akishangaa, kwani anamwona anaondoka. Kwa Kiingereza cha huko angesema “I'll be right back”. Salamu ya umepotea sana, ikigeuzwa kuwa “you are lost”, humfanya mgeni atazame ramani, ilhali kilichohitajika ni “I haven't seen you in ages”. Pole anayopewa aliyejikwaa, ikisemwa “sorry”, huweza kuchukuliwa kama kukiri kosa. Matumizi hayo yote yanaeleweka Nairobi na Dar es Salaam, ambako ni sehemu ya Kiingereza cha mahali, na hakuna sababu ya kuyaonea haya huko. Somo la misemo humwongezea msikilizaji namna ya pili ya kusema, ya kutumia na watu wa nje.

Watu wa nje wenyewe hawakubaliani kwa kila jambo. “First floor” ni ghorofa ya kwanza Uingereza na ni chini kabisa Marekani. Mwingereza akisema “half seven” anamaanisha saa moja na nusu. Katika kikao, ku-“table” hoja Uingereza ni kuileta ijadiliwe, na Marekani ni kuiweka kando. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza anafanya vizuri kuchagua chimbuko moja la vipindi, la Uingereza au la Marekani, na kulitumia kwa miezi kadhaa kabla ya kuongeza la pili.

Mipaka ya somo la sauti

Kipindi cha sauti hakimsikii mwanafunzi. Hakiwezi kumwambia kwamba amekosea, wala hakimzoeshi jambo gumu kuliko yote katika mazungumzo, yaani kujibu asilolitarajia. Kazi hiyo inahitaji mtu wa pili: mwenzake anayejifunza, mfanyakazi mwenza, mteja mwenye subira, au kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki na kukubaliana kutumia misemo mitatu waliyoisikia.

Misemo pekee haijengi lugha nzima. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu aelewe asilimia 98 ya maneno yanayozungumzwa kwa Kiingereza anahitaji familia za maneno 6,000 hadi 7,000, kila familia ikiwa ni neno la msingi pamoja na maumbo yake. Kipindi kinachotoa msemo mmoja kwa wiki hutoa misemo 52 kwa mwaka. Idadi hiyo ni nyongeza nzuri juu ya usomaji, usikilizaji mpana na sarufi ya msingi, na haitoshi kuchukua nafasi ya mambo hayo.

Lafudhi ya Afrika Mashariki si ugonjwa unaohitaji tiba. Lengo la mazoezi ya matamshi ni kueleweka na kuelewa, na mengi ya hayo hupatikana kwa kuweka mkazo mahali pake, kutofautisha irabu zinazobadili maana, na kutoongeza irabu mwishoni mwa maneno. Maendeleo yanaweza kupimwa bila mtihani: kipindi kilichokuwa kigumu kisikilizwe tena baada ya miezi miwili, bila maandishi, na vifungu vinavyosikika viandikwe na kulinganishwa na orodha ya mara ya kwanza.